Kunde za Mama na Nyigu Wangu

Gidan Tambari, Maradi
19 Julai 2009

Mpendwa mdogo wangu Nomau,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Abidjan? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama mbuzi aliyepaliwa na pumba? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, na mvua imeshuka vizuri.

Ujumbe wako wa kwamba nimwage dawa kwenye kunde za mbegu alizotuachia marehemu mama nimeupata. Sikumwaga. Usinune kwanza, soma. Mbegu zile hana mtu mwingine hapa kijijini, na fukusi walikuwa wameshaanza kuzitoboa. Zikiisha, ndiyo basi tena. Lakini dawa ingeua na nyigu wangu, na hao ndio niliokuwa nawategemea.

Usicheke! Ni wadogo kuliko sisimizi. Jike hutembea juu ya kunde akiigongagonga mpaka ajue ndani mna buu la fukusi. Akilipata analichoma humohumo ndani, linalegea, anataga yai juu yake. Mtoto akianguliwa hulila lile buu taratibu, na kinachotoka kwenye tundu ni nyigu. Kunde yenyewe hana haja nayo. Alitufundisha bibi shamba, Absatu.

Basi nikajaza kibuyu kunde kuukuu zenye nyigu ndani, nikafunga mdomo kwa kitambaa ambacho nyigu anapenya na fukusi hapenyi, nikakitumbukiza kwenye mtungi wa mbegu. Asubuhi nyigu wakatoka, wengi tu. Shemeji yako Salisu, unamjua hapendi kitu kipotee bure, akaona kazi imekwisha. Mimi niko kisimani, yeye akakitoa kibuyu na kunde zilizobaki akawamwagia kuku.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

“Kelele za nini, mama nyigu? Si wametoka hao?”

“Waliotoka ni madume watupu, Salisu! Madume hutangulia, wanakaa nje kuwasubiri majike. Majike umewalisha kuku!”

“Kwani madume hawawezi kazi?”

“Kama wewe tu. Wamekaa mlangoni wanangoja wake zao.”

Majirani hawakuwa na mbavu. Mimi nililia, Nomau. Fukusi waliendelea kula, kila nikitia mkono mtungini natoka na unga.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuomba kunde mbovu, Salisu nyuma yangu na kikapu kichwani, aibu imemshika. Safari hii kibuyu hakikuguswa. Majike wakatoka, wakakutana na madume palepale. Hapo ndipo penye kazi, maana jike asiyekutana na dume hutaga vilevile, ila huzaa madume watupu, na uzao unakatika. Aliyekutana na dume huchagua: buu nono humwekea binti, buu dogo mtoto wa kiume. Absatu aliposema hivyo wanawake tulipiga vigelegele, wanaume wakatazama chini.

Sitakuficha, kiasi kimeharibika. Lakini fukusi walipungua, wakapungua, mpaka nikawa nasikiliza mtungi sisikii kitu. Sasa Salisu anapita kijijini anajigamba eti “nyigu wetu”. Wetu! Ana uso mkavu mume wangu.

Tumeshapanda. Nimeanza na shamba lako, lile lililo karibu na kaburi la mama, kwa sababu watu walishaanza kusema umelisahau na wengine wanalimezea mate. Jana nikaenda kutazama. Zimeota, Nomau, mstari mzima! Nikakaa chini nikalia tena, kwa furaha.

Shangazi Rakiya anakusalimu, anauliza lini utamletea kitambaa. Nisalimie mkeo Balaraba, mbusu mtoto. Mungu akulinde na akufungulie njia ya kurudi.

Nimewaambia wote hapa nyumbani: kunde za shamba lile haonji mtu, hata donge moja la danwake la unga wake, mpaka uje uzichume kwa mkono wako. Usituache na njaa.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayekungoja,
Delu