Wenzo Uliokatika Giheta

Amahoro, mjukuu wangu. Huku Gitega tupo. Bibi yako anakohoa tu, mbuzi kazaa.

Unauliza kutoka Muyinga kwa nini visu vya trekta lako la kukatia nyasi havinyanyuki. Usilazimishe wenzo wa kuvinyanyulia! Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania nilipewa kazi ya kuendesha trekta kama hilo, Giheta. Mzee Bukuru, aliyelitunza miaka yote ya vita, akasema, “Toa kwanza majani yaliyoganda chini, utie grisi.”

Nikamcheka. “We ulibaki huku, unajua nini? Mi nimelima Kigoma nzima kwa mkono mmoja!”

Nikavuta wenzo kwa nguvu. Chuma kikakatika, na kazi yetu sote wawili ikaisha siku hiyo. Mzee hakunilaumu. Alikufa kabla sijamwomba msamaha.

Zima injini, lala chini uchungulie. Ukikuta majani, basi Mzee Bukuru alisema kweli, na sina wa kumwambia ila wewe.

Babu yako mdogo