Nilivuta Nikiwa na Mimba Yako

Mwanangu Mihayo,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, kwa hiyo usitegemee mwandiko mzuri. Mwaka huu majani yameiva yote kwa pamoja, na mgongo wangu siku hizi haunisikii tena. Nimekaa kibarazani hapa Usinge, bani letu la kukaushia tumbaku linafuka moshi mbele yangu, na karatasi tatu nimeshazichana. Hii ya nne siichani.

Simu zangu hupokei tangu kabla ya mvua. Sikulaumu. Ukizama kwenye huzuni yako huwa hupokei za mtu yeyote, hilo nimelizoea. Lakini hata ungepokea, ninachotaka kukuambia nisingekisema kwenye simu. Simu ilishaniponza mara moja.

Unaikumbuka reli? Treni ya Kigoma ikipiga honi ulikuwa unaacha uji na kukimbia bila viatu, unahesabu mabehewa kwa sauti mpaka la mwisho, halafu unarudi kunisimulia yote bila kupumua. Ulikuwa hulali mchana, na usiku pia ulikuwa wa kubembelezwa. "Mihayo, tulia basi," nilikuwa nasema kutwa nzima. Nawe unanijibu, "Nimetulia, mama," huku mguu unacheza. Nilikuwa nacheka. Baadaye nikaacha kucheka, maana mwalimu alikuchapa kwa kutotulia, ukarudi nyumbani unalia, nami nikakuchapa kwa sababu umechapwa shule. Ulikuwa na miaka saba. Hilo hunijia sana nikiwa peke yangu shambani.

Kisha ukaenda Tabora mjini kujifunza useremala. Mwanzoni nilifurahi, unanipigia kila siku, una mipango ya kutengeneza vitanda vya wilaya nzima, unaongea mpaka sauti inakauka. Sikujua kwamba wiki ile yote hukulala. Nilipokuja kukuona kwenye kile chumba chako cha Mtendeni, nilikuta umegeukia ukuta, na uji wa juzi uko kando ya godoro. Nilichemsha maji nikakuogesha, kijana wa miaka ishirini na mbili, na hukuona aibu hata kidogo. Ukasema, "Mama, nimechoka kuwa mimi." Nikaendelea kukusugua mgongo.

Sasa nifike kwenye ile simu. Ulipiga ukiwa kwa daktari wa akili. Sisi tulikuwa kibandani tunachambua tumbaku, watu saba, mikono yangu ina gundi ya majani, basi jirani akanibonyezea simu na kuweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama. Daktari anauliza, ulipokuwa na mimba yangu ulikuwa unavuta tumbaku?"

"Marahaba. Hata siku moja, baba."

"Na kwenye ukoo wetu, yupo mtu mwingine anayeumwa hivi?"

Ningeweza kusema hapana, tukamalizana. Lakini mtu akishadanganya mara moja ulimi unakuwa mwepesi. Nikasema, "Kwetu hakuna. Labda upande wa baba yako. Si unamwona baba yako mkubwa, anavyopotelea porini miezi na miezi anaongea na nyuki?" Watu wakacheka. Baba yako mkubwa alikuwepo, Mihayo. Alikuwa ameketi mlangoni anafunga majani. Aliinua kichwa, akaniangalia, akarudi kwenye kamba yake. Nilisikia ukimwambia daktari, "Ndiyo, kwa baba wapo," na nikajua kwamba limeandikwa.

Nilivuta, mwanangu. Nikiwa na mimba yako nilivuta kila siku ya msimu.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Tumbaku mbichi huchumwa alfajiri ikiwa na umande, na ule umande unapita kwenye ngozi. Unashikwa na kizunguzungu, unatapika mpaka nyongo. Mimi nilikuwa na miezi mitatu, natapika kwa ajili yako na natapika kwa ajili ya majani, nilikuwa siwezi kumaliza mstari mmoja bila kukaa chini. Bibi yako, mama wa marehemu baba yako, akanionea huruma. Huruma ya kweli kabisa. Akasokota jani kavu kwenye kipande cha gazeti akanipa. "Vuta kidogo, mkwe. Mwenye kuvuta, umande haumwangushi." Na kinachonitesa ni kwamba ilikuwa kweli. Siku ya tatu kutapika kukapungua. Siku ya kumi nikawa nachuma kama wengine, na watu wananisifu, angalia mke wa fulani, ana tumbo na bado anawapita wanaume. Nilizipenda zile sifa. Ulipozaliwa ulikuwa mdogo sana, bibi yako alikupakata kwenye kanga iliyokunjwa mara nne. Mwaka uliofuata nikaokoka, nikaacha kuvuta, nikajiambia yameisha.

Wakati mwingine hasira inanipanda, nami nasema moyoni, kwani nilijua? Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia, na hilo ni kweli. Lakini ulipouliza nilikuwa nimeshajua, kwa sababu redioni walishasema. Nilidanganya nikiwa na akili zangu zote.

Hapo bado ningeweza kunyamaza. Mtu anaweza kuishi na uongo mdogo wa kwenye karatasi ya daktari. Kilichonivunja ni Nyanzala. Barua ya posa ilishajibiwa, mimi nilishachagua kitenge, halafu ukaniambia umeachana naye. "Siwezi kumpelekea mtoto wa watu damu ya namna hii, mama." Ukahama mjini, ukaenda kukaa peke yako Kwihara na msumeno wako. Nami nikakujibu, "Mungu atakupa mwingine." Nimelirudia neno lile kichwani miezi yote hii, na kila nikilirudia najiona mdogo zaidi.

Juzi nilikwenda zahanati kuchukua dawa za presha, nikamuuliza muuguzi kama mama akivuta na mimba, mtoto anaweza kuja kuumwa akili ukubwani. Akasema inaweza kumwongezea hatari. Akasema pia kwamba kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kuapa kuwa ni moshi tu, mambo mengi yanaingiliana. "Ni wewe, mama?" akaniuliza. Nikamwambia ni jirani. Unaona mama yako alivyo?

Kwa hiyo sijui kama moshi wangu ndio uliokufikisha hapo. Labda ndio, labda sehemu yake. Ninachokijua ni kwamba lile neno ukoo lililoandikwa kwa daktari nililitunga mimi. Sijawahi kumsikia mtu wa kwenu, awe mzee au kijana, aliyeumwa unavyoumwa. Rudi kwake. Mwambie afute ukoo, aandike mama alivuta. Kisha umuulize upya habari ya kuoa na kuzaa, akujibu akiwa na maneno ya kweli mkononi. Na dawa usiache. Nyanzala bado yuko kwao. Nilimwona kanisani Jumapili, akauliza kama unakula.

Ukinikasirikia, kasirika. Usije mpaka utakapotaka kuja. Mimi nipo.

Bahasha hii haina gundi. Uongo niliusema mbele ya watu, nikaona haifai ukweli uje umefungwa. Jana jioni nilimwita baba yako mkubwa nikamsomea kila neno, mpaka hapo juu niliposema mimi nipo. Aliniacha nimalize. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe." Akasema, "Shemeji, siku ile nilisikia. Nikafikiri labda kweli ndivyo nilivyo." Nililia mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba yako. Yule mtu huenda porini kwa sababu ndiko mizinga yake ilipo. Kazi yake ni kurina asali, na tangu mkewe afariki nyumba haimvuti. Basi.

Kisha akauliza, "Mtoto anakaa wapi siku hizi?"

Huyo aliyesimama mlangoni kwako akakupa barua hii ni yeye. Hakutaka nimpe mtu wa treni. Mpe kiti, mpe maji, asali aliyobeba uipokee kwa mikono miwili. Mwamkie vizuri, mwanangu, halafu umwangalie usoni bila kuogopa. Hakuna ubaya wowote uliorithi kwake.

Ni mimi mama yako, niliyevuta.