Jina la Kwenye Karatasi

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto mpya leo hapa chekechea. Wa wale wageni waliohamia majuzi kwenye majengo ya nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nilikuwa nao kumi na tisa, sasa ishirini, na mikono yangu ni ileile miwili! Fomu inasema ana miaka mitano. Mitano ipi jamani? Suruali imekunjwa mara tatu na bado anaikanyaga. Ana doa jeusi shavuni, basi humu nitamwita Kidoti.

Kwenye mduara wa asubuhi tunaimba jina la kila mtoto, anasimama, tunampigia makofi. Tukaimba lake. Hakusimama. Tukarudia. Akawa anatazama pembeni, kama anayengoja mtu mwingine asimame.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya tisa. Hajasimama hata mara moja. Wenzake wameshaanza kumruka kwenye michezo. Pengo — yule binti aliyeng'oka meno ya mbele, mdomo haufungi — kaniambia eti huyu hana masikio. Nikamgombeza, kisha nikajishtukia. Si hata mimi nawaza hivyohivyo? Nikaangusha sufuria makusudi nyuma ya Kidoti. Aliruka huyo! Masikio mazima kabisa.

Mchana Bi Mkuu kaniita ofisini. Eti mtoto wa miaka mitano asiyejua kufunga zipu, anayejikojolea, asiyeitika akiitwa, si wa hapa. Ameshaandika barua. Mtaalamu atakuja kumpima tarehe 25. Akionekana amechelewa kukua, anahamishiwa kituo maalumu, ng'ambo ya mji, mabasi mawili. Nikamwambia mama yake anaanza kufagia ofisi za watu saa moja asubuhi, atamfikishaje huko? Bi Mkuu kasema hayo ni yao. Yule mwanamke ana roho ngumu, haki ya nani.

Jumanne, 18 Machi

Nimembana mama yake leo pale kwenye rafu za viatu. Nilimbana vibaya, nakiri. Nilikuwa nimebadilisha suruali tatu na kichwa kinaniwanga. Nikamwambia: dada, mwanao watamhamisha, kisa haitiki jina lake!

Lugha yetu bado anaiokoteza. Alinitazama, akaenda akafunga mlango, akarudi. Akasema lile jina si la huyu. Ni la dada mtu.

Kibali cha kuhamia huku kilitoka kwa watu wawili, mama na binti mkubwa. Walipoomba, huyu mdogo alikuwa hajazaliwa. Kikaja wiki tatu baada ya kumzika mkubwa. Homa, siku nne tu. Sasa angefanyaje? Amwache aliye hai kwa sababu karatasi imemtaja marehemu? Akamvika huyu jina la dada yake, wakaondoka. Ana miaka mitatu na nusu! Na mimi hapa nampigia kelele za zipu!

Halafu kila asubuhi pale getini namsalimia kwa jina la mtoto, kama tunavyowaita wazazi wote. Mama Fulani, umeamkaje! Tena kwa bashasha. Namwita kwa jina la maiti ya mwanawe, naye ananijibu salama. Nimetamani ardhi inimeze.

Kaniomba nisimwambie mtu. Wakijua, wanarudishwa wote wawili. Nimeapa. Jina la kweli la Kidoti kaninong'oneza sikioni. Siliandiki humu.

Ijumaa, 21 Machi

Jumatano nilishindwa kujizuia. Tuko wawili tu bafuni, namnawisha, nikamwita jina lake. Aligeuka kwa kasi mpaka maji yakanirukia machoni. Akacheka! Sikuwa nimewahi kuona meno yake. Akaitika kwa lugha yao, kaneno kafupi, mikono juu.

Tangu hapo kaniganda. Anakula mpaka anaramba sahani. Mpishi kaniuliza nimempa dawa gani. Nikamwambia maombi. Mie na maombi wapi na wapi! Mpishi mwenyewe kacheka.

Nimempangia. Jina hili letu ni la bafuni. Lile la darasani ukilisikia, simama. Akasema sawa. Na leo kasimama! Alichelewa, macho kwangu, lakini kasimama. Watoto wakapiga makofi mpaka basi. Nikaingia stoo ya magodoro nikalia.

Bado siku nne. Akisimama tu, akifunga zipu tu, mtaalamu ataandika mtoto mzima, mpole, mgeni kidogo. Basi. Atabaki.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefanya nini mimi!

Kidoti kawaambia wenzake jina. Pale kwenye bembea, kamnong'oneza Pengo, kama anamgawia peremende. Pengo kuambiwa ni sawa na kutangaziwa mtaa mzima. Mpaka saa sita darasa lote linamwita kwa jina lake la kweli. Nikawaambia hilo tusiliseme. Mjinga mimi! Mwambie mtoto tusiseme, halafu uone.

Nani alinituma nifikirie kwamba mtoto wa miaka mitatu na nusu anaweza kubeba majina mawili, moja la bafuni, moja la darasani? Kiherehere changu. Nilitaka kuona yale meno tena, ndiyo sababu.

Lakini jamani, alivyocheza leo! Wamemshika mkono. Wamempa zamu ya kwanza kwenye bembea. Wiki tatu nimehangaika wampokee, leo wamempokea, na mtaalamu anakuja kesho.

Mama yake sikumwambia. Kafika getini amechoka hoi, mtoto kamrukia shingoni. Nikasema nitamwambia asubuhi.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nimesimama, stoo ya magodoro, dirisha la uwanjani. Nisipoandika nitapiga yowe.

Asubuhi mama alimwacha getini akalikimbilia basi. Sikuwahi kumwambia.

Mtaalamu alifika saa nne. Mama mmoja mpole, akakaa kwenye kiti cha mtoto magoti kifuani. Akasoma jina la kwenye fomu. Kidoti akanitazama. Nikamkonyeza. Akaanza kuinuka — alikuwa anainuka jamani, nimeona kwa macho yangu! — Pengo akadakia: siyo, shangazi, huyu siyo huyo! Akamtajia la kweli. Na wengine wote wakalidaka, kwa makofi. Kidoti katikati, anacheka, anaitika.

Mtaalamu akamuuliza, kwa upole tu: na huyu niliyemsoma mimi ni nani? Kidoti akamjibu kwa maneno yetu, niliyomfundisha mimi. Dada. Wamemweka kwenye udongo.

Mtaalamu akaweka kalamu chini. Bi Mkuu akanigeukia hapohapo: ulikuwa unajua? Nikasema ndiyo kwanza nasikia. Sikupepesa hata jicho. Yule mama nimemwacha peke yake, na kiapo changu juu. Nina aibu.

Sasa saa tisa. Mtaalamu na Bi Mkuu wako ofisini, mlango uko wazi, Bi Mkuu anaongea na simu. Anataja jina, anataja karatasi. Nimemsikia akisema mama akija atazuiwa mpaka watu wa uhamiaji wafike. Hajui kuwa nasikia. Nimejifanya nahesabu mashuka.

Huyo! Mama yake getini. Kawahi leo, leo ya siku zote!

Watoto wamemwona. Wanaukimbilia uzio, wanampokea kwa kelele, Mama nani, Mama nani — la huyu aliye hai. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Kasimama. Mkono kwenye komeo. Kanitazama dirishani.

Nimemtikisia kichwa. Usiingie. Nimetikisa mpaka shingo inauma.

Kaelewa. Kaweka kidole mdomoni, kuwatuliza watoto. Nao wamedhani ni mchezo. Wote wameweka vidole midomoni, mashavu yamejaa kicheko, na Kidoti kati yao. Uwanja mzima kimya.

Bi Mkuu kaiacha simu. Mbona wamenyamaza ghafla, anauliza. Kuna nani getini?

Ananiuliza mimi.