Kituo cha Ishirini na Tatu

Hobart, Jumanne

Dada Glenys,

Mafua yameisha, na paka uliyeniachia bado ananichukia. Kazini tunapanga mfumo wa taifa zima wa kupima bahari na pwani. Mimi ndiye karani, yaani naandika kumbukumbu na kumimina chai.

Jana ililetwa ramani ya vituo vya kupimia, nukta ishirini na mbili za kahawia. Wasomi thelathini waliigombania tangu asubuhi, hadi Merv, nahodha wa boti yetu ya utafiti, alipoinama akauliza, "Jamani, Tasmania iko wapi?"

Haikuwepo! Mwenyekiti aliinua hata sahani ya keki kututafuta.

"Wametusahau tena," Merv akasema, "na mkutano wenyewe uko kwetu!" Akachukua kalamu, akachora kisiwa chetu pale chini, kama kiazi kilichong'atwa. Nilicheka hadi birika likatikisika, tone la chai likadondokea kiazi.

Baada ya chakula mwenyekiti akavaa miwani. "Kituo cha ishirini na tatu, pwani ya mashariki. Nani alikipendekeza?"

Hakuna aliyetaka kuonekana hajui. Kikapitishwa kwa kauli moja.

Tone liliangukia ghuba anakozamia Baba, Dada. Mwani wote umekufa kule, na tangu Pasaka hajagusa vazi lake la kuzamia. Miaka sita anawaandikia wasomi hawa kwamba maji yamepata joto, hawajamjibu hata mara moja.

Merv alinitazama. Nikamwambia, "Ukifungua mdomo, chai utajipikia mwenyewe."

Baba nimemwambia barua zake zimesomwa. Ukimpigia simu, usiniumbue.

Mdogo wako,
Leonie