Tope la Kona ya Mfereji

Jumamosi, jioni. Jua limewaka tangu asubuhi, mlima uko wazi hadi kileleni, na mimi nimekaa kuandika haya kwa hasira.

Nimetoka kuwatazama mashabiki. Nasema mashabiki, si mashindano, maana kwa kelele zao nusu ya mashindano sikuiona. Kila mwaka, kahawa ikishavunwa, pikipiki hushindana kutoka mjini hadi Maji ya Chai na kurudi, na kila mwaka watu wenye akili zao timamu hugeuka majuha.

Wazungu hukaa kwenye viti vya turubai pale mbio zinapoanzia, wakinywa chai na kumcheka Fundi Gurdit, Singasinga wa gereji ya mjini, kwamba arudi kwenye spana zake. Na hao ndio wanaotufundisha uungwana wa michezo! Mshindani wake ni Bwana Miwani, setla mwenye shamba kule chini, na pikipiki yake mpya iliyokuja kwa meli. Sisi Wameru tuko upande wa Gurdit. Tusijidanganye kwamba tunampenda. Wengi wetu hatujawahi hata kumsalimu. Tunataka tu Mzungu ashindwe, na baada ya Wazungu kutunyang'anya ardhi yetu, nani atatulaumu?

Mimi nawalaumu.

Karibu na kwetu barabara inapinda, na mfereji wetu wa maji unapita juu yake kidogo. Mfereji una zamu: leo maji ni ya nyumba hii, kesho ya nyumba ile, na mwenye zamu ndiye anayejibu kwa wazee likitokea lolote. Leo zamu ilikuwa yangu. Asubuhi alikuja Anaeli, kinara wa wapiga kelele wa kijiji chetu.

“Shikamoo, Mwalimu. Tuachie zamu yako ya maji leo. Miche ya shangazi inakauka.”

Nikamwachia.

Mchana, vumbi lilipotokea kwa mbali, Anaeli na wenzake wakabomoa ukingo wa mfereji, maji yakashuka barabarani, kona yote ikawa tope. Hesabu yao ilikuwa fupi kama akili zao. Bwana Miwani hutangulia siku zote hadi hapo, basi atateleza yeye, na Gurdit akimwona atapunguza mwendo. Hakuna aliyewaza kwamba mtu aliyeshinda gerejini miezi mitatu akiifungua na kuifunga injini yake anaweza, mwaka huu, kuwa mbele.

Alikuwa mbele. Kilemba chake ndicho tulichokiona kwanza.

Wakaanza kupunga mikono na kupiga mayowe asimame. Yeye akadhani anashangiliwa, akaongeza mwendo.

Akateleza kwenye tope, pikipiki ikamlalia. Mguu wake umevunjika vibaya, chini ya goti. Bwana Miwani angeweza kupita pembeni akaenda kuchukua kikombe chake. Akasimama, akavua skafu, akaufunga mguu ule kwa kijiti cha mti wa kahawa. Nyuma yangu mtu akacheka: “Mjinga huyu! Si aende akashinde?” Hayo ndiyo maoni ya mashabiki wetu juu ya uungwana. Hakuna aliyeshuka kumsaidia.

Sasa wako kilabuni kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, nawasikia mpaka hapa, na habari imeshageuka: Mzungu alimsukuma. Anaeli anaapa kwamba aliona kwa macho yake. Waliobomoa ukingo ndio wanaomlilia Gurdit kwa sauti kubwa kuliko wote. Wananitia kinyaa.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini shangazi yake Anaeli hana mche hata mmoja upande wa barabara; maji yale yalitakiwa kwa ajili ya kona. Nililijua hilo asubuhi, Anaeli akiwa bado amesimama mlangoni pangu. Nililijua, nikatabasamu, nikarudi kusahihisha madaftari ya watoto. Mchana nikawahi mapema pale konani ili nipate mahali pazuri pa kuonea. Nami sikushuka kumsaidia. Niliona haya kumtazama Gurdit usoni, nikajifanya nasukuma watu nyuma.

Kesho baada ya ibada wazee wa mfereji wanakutana kwa ajili ya ule ukingo. Swali lao la kwanza huwa lilelile: maji yalikuwa ya nani? Kijiji kizima kitamgeukia Anaeli, kwa kuwa ndiye aliyeachiwa, na mimi, mwalimu wa watoto wao, hakuna atakayenitazama.

Zamu ilikuwa yangu. Nitasimama kabla hawajauliza.