Misumari ya Koku

Jumatatu, 3 Juni
Habari ya bei ya kahawa nimeituma gazetini. Mchana hospitali, Bukoba. Mdogo wangu Koku anaruhusiwa kesho. Wiki iliyopita walimpasua tumbo wakatoa misumari ya bati na mpini wa kijiko. Alimeza mwenyewe. Daktari kaeleza: ugonjwa wa akili, anasikia sauti zikimwamuru. Anywe dawa kila siku, asiache.
Mama aliomba misumari. Muuguzi akampa kwenye kopo. Nilidhani ataitupa.

Jumatano, 5 Juni
Kijijini Kishanda. Mama anawaonyesha watu kopo. "Binadamu hali misumari. Hii imetumwa." Anamtaja Adventina, jirani tuliyegombana naye kuhusu mpaka wa migomba. Jumapili Mama ataipeleka misumari kwenye kikao cha ukoo, iwe ushahidi. Nimemwambia Mama kwamba Koku mwenyewe amekiri kumeza. "Wewe nenda na magazeti yako." Vidonge amevificha. Anasema uchawi hautibiwi hospitali.

Ijumaa, 7 Juni
Bukoba. Mama hapokei simu. Nimeandika habari mbili, zote mbovu. Naogopa.

Jumapili, 9 Juni
Ukoo ulikaa uani. Adventina aliitwa, akaja. Mama akaingia chumbani kuchukua ushahidi wake. Akapiga yowe. Kopo tupu. Koku kitandani, kajikunja, jasho linamtoka.
"Wameniambia niirudishe mahali pake."
Wanaume wakaanza kujadiliana. Adventina hakujadiliana. Alimshika Koku upande mmoja, mimi mwingine, tukamwingiza kwenye gari nililokuja nalo.

Jumatatu, 10 Juni
Upasuaji wa pili. Utumbo umetoboka. Daktari hakuahidi kitu, nami sikumuuliza. Nimewahoji wafiwa wengi. Leo sina swali. Mama yuko kwenye benchi la pili. Nina hasira naye kiasi kwamba siwezi kukaa karibu yake. Hajala tangu jana. Nami sijampelekea chakula.

Alhamisi, 13 Juni
Homa haishuki. Mama kaniuliza, bila kunitazama, vile vidonge vilikuwa vya saa ngapi.

Jumatano, 3 Julai
Kwangu, Rwamishenye. Mvua kidogo asubuhi. Koku ameshiba uji. Mama akampa kidonge na maji, akabaki amesimama.
"Fungua mdomo. Nyanyua ulimi."
"Nimemeza, Mama. Kazi ya kumeza si naiweza?"
Mama hakucheka. Alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga, akaangalia tena.