Nuru Alipoandikwa Mvulana

Ibra, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo, na assalaam alaykum, wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Vipi goti, linakuacha ukasali kwa kusimama? Mimi mzima, nang'ara kama sufuria mpya, na kalamu hii nimeishika kwa mkono wa mshindi. Nuru mwanao ana kitanda Nizwa! Soma polepole, usimpe mtu akakusomea.

Najua ulivyonifokea kwenye simu: "Kama mpaka Alkhamis hana pa kulala, nirudishie mwanangu Unguja, masomo basi." Haki yako. Huku Uarabuni, kutoka kwangu Ibra hadi Nizwa ni kuvuka majabali, hawezi kwenda na kurudi kila siku. Na chuo kile sheria yake moja: dahalia ni ya wasichana tu, wavulana wanajitafutia vyumba mjini. Sasa jina la Nuru limo katika waliokubaliwa kusoma, katika orodha ya vitanda halimo. Kwa nini? Hakuna aliyejua.

Basi Jumatano nikawaacha watalii ninaowatembeza Bidiya, juu ya mchanga wa jangwa, nikawaambia wahesabu ngamia mpaka nirudi. Nikampakia Nuru na sanduku lake, nikaendesha hata tai aliyekuwa akitufuata alichoka akatua.

Mlangoni mlinzi akanizuia, wanaume hawavuki. Nikammwagia salamu ya Kiarabu ndefu hata akavuta kiti akakaa. Akaitwa mkuu wa dahalia, mama wa makamo, faili kwapani. Nikaanza na Kiarabu changu:

"Walad ukhti, huwa shatir." Yaani mtoto wa dada yangu, yeye hodari.

Akafungua faili. "Ndivyo ulivyosema ulipotupigia simu kumwandikisha, nasi tukaandika. Wavulana hawalali hapa."

"Mvulana nani?"

"Si wewe unayesema walad? Unayesema huwa?"

Nuru kasimama nyuma yangu na buibui lake. Akanivuta kanzu. "Mjomba, umenifanya dume!"

Kumbe dada, Kiarabu walad ni mtoto wa kiume, na yeye zao ziko mbili, huwa ya mwanamme na hiya ya mwanamke. Nani kaniambia? Miaka ishirini nasema huwa kwa kila mtu, hata kwa mke wangu, na hajanisahihisha.

Yule mama kusikia Kiswahili akatupa faili juu ya meza ya mlinzi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Yakhe, kumbe wa kwetu! Bibi yangu katoka Chake. Mpaka anakufa alimwita babu hiya, na babu akiitika."

Hapo ndipo niliposimama. "Bibi," nikasema, "kosa si langu, kosa la Kiarabu. Kwetu mtoto ni mtoto, na yeye ni yeye, hatumpekui mtu kabla hajakaa kitako. Na hao wavulana nao si watoto wa watu? Wajengewe lao, walale kama binaadamu!" Mlinzi akapiga makofi. Jabali la nyuma, wallahi, lilinirudishia sauti mara saba.

Akasema hilo la wavulana nilete kwa maandishi. Nitaleta! Lakini la Nuru akalimaliza palepale. Akafuta, akaandika bint. "Kimebaki kitanda kimoja, ghorofa ya tatu. Na mara nyengine, mjomba, simu apige mwenyewe."

Sanduku sikuruhusiwa kulipandisha. Wakashuka wasichana wanne wakalinyanyua, mmoja akauliza, "Huyo babako?" Nuru akasema, "Khali." Mjomba wangu. Alivyolitamka, dada, nilijiona nina urefu wa mnara. Baadaye dirisha la juu likafunguka, na Kiswahili kikamwagika uwanjani mbele ya Nizwa nzima: "Mjomba, nenda! Nishatandika!"

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie apunguze kikohozi na tumbaku. Nisalimie Bi Zuwena, shangazi yetu, na Hamadi, mdogo wetu, fundi asiyemaliza nguo ya mtu. Mke wangu anakusalimu, anasema mumewe ni simba. Hivyo hasa ndivyo alivyosema.

Na kile chumba ulichomfagilia Nuru arudi kukaa, dada, tia mtu mwengine. Huyu ana kwake.

Nduguyo,
Seif